Asiyesikia la Mkuu Hununua Massey

Tukubaliane kwanza: wewe huhitaji trekta. Mwenye kuhitaji trekta hapa Karatu anajulikana. Anasubiri mvua zikaribie, anampigia simu mwenye trekta, wanaelewana bei ya heka, shamba linalimwa, kisha trekta linaondoka na matatizo yake yote kwenda kwa mwenyewe. Sijaona mkataba mzuri kuliko huo. Wewe unataka kitu kingine. Ulikuwa unapita njia ya Rhotia, ukaona pua ya chuma imechungulia kwenye mabua ya mahindi, moyo ukaruka. Hayo ni maradhi, na mwongozo huu umeandikwa na mgonjwa, si daktari.

Wenzetu wa Uingereza na Marekani wana aina yao ya ugonjwa huu. Mtu ananunua trekta dogo la kukatia majani uani, la enzi za babu yake, analifungua, analisugua, analipaka rangi, na Jumapili anakwenda kuwaonyesha watu wengine wenye matrekta kama lake. Jioni kila mtu anarudi kwake, hakuna aliyelima hata tuta. Sisi bustani yetu ni matuta manne ya sukuma wiki nyuma ya jiko, na hulimwa kwa jembe la mkono lililoshikwa na mtoto aliyekosa adabu. Kwa hiyo anayetafuta trekta dogo la kale huku kwetu anatafuta Ferguson la kijivu au mdogo wake mwekundu, Massey Ferguson 35. Wengine huanzia 135, lililotoka mwaka 1964, lakini hilo bado linafanya kazi kwa watu wengi mno kuitwa la kale. Utalionea haya.

Historia kidogo, maana muuzaji ataitumia dhidi yako. Ferguson TE20 lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. Mwaka huo wa 1956 likaja 35, ambalo mwanzoni lilikuwa la kijivu na injini ya rangi ya shaba, kisha kuelekea 1958 likavikwa wekundu tunaoujua. Huku kwetu ngano ilikuwa imeshika kasi, Karatu hadi Mbulumbulu. Walowezi wa Oldeani walikuwa na mashamba yao tangu kabla ya vita, lakini safari hii Wairaqw wenyewe walianza kununua matrekta, na mtafiti Philip Raikes aliandika miaka ya 1970 jinsi ngano ilivyozaa tabaka la wakulima wakubwa huku kaskazini mwa nchi ya Wairaqw. Tabaka lile limezeeka. Matrekta yake yamo vichakani, na kuku wanataga kwenye viti.

Wala usidhani wewe ndiye wa kwanza Tanzania kurukwa na akili kwa ajili ya chuma kilichotumika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta Kongwa matrekta chakavu yaliyosalia vitani, yakapungua, ikaagiza vifaru vya Sherman vigeuzwe matrekta ili kung'oa visiki vya mashamba ya karanga. Mradi ulifungwa 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Ukiwa na hasara ya bati la nyumba moja, jifariji kwa hesabu hiyo.

Hatua ya kwanza ni kulipata bila kuonekana unalitafuta. Usiulize mnadani. Mnada wa Karatu, ule wa tarehe 7 na 25, ni mahali pa kununua mbuzi, mitumba na sufuria. Ukitamka neno "Massey" pale, hadi saa nane mchana bei imeshapanda Endabash, Oldeani na Mang'ola kwenye vitunguu. Nenda nyumbani kwa mzee mwenyewe, tena bila haraka. Mwamkie, kaa, zungumza mvua. Zungumza bei ya mbaazi, kisha ngwara, kisha lawama za madalali wa ngwara. Mgongo wako uelekee kwenye trekta muda wote. Ziara ya pili, peleka sukari. Ya tatu, wakati wa kuaga, geuka kana kwamba umeliona sasa hivi: "Shikamoo tena mzee, na hili dude hapa mliliacha la nini?"

Mzee atakwambia haliuzwi. Hiyo ni bei ya kuanzia.

Atakwambia pia kwamba halina ubovu. Kauli ya wenye matrekta kuukuu ni moja kutoka Mbulu mpaka Mto wa Mbu: "Liliingia upepo tu." Maana yake hewa iliingia kwenye njia ya dizeli, jambo ambalo fundi hulimaliza kwa spana moja kabla chai haijapoa. Usiulize kwa nini upepo huo ulikaa miaka ishirini na tano. Uliza kitu kimoja tu: trekta ni la nani? Hapo mzee atatazama mbali. Trekta ni la marehemu baba yake. Warithi ni wanane: mmoja Mwanza, wawili Dar es Salaam, mmoja hazungumzi na wengine. Trekta kuukuu la Karatu ni kiwanja cha urithi chenye magurudumu. Andikishianeni ofisi ya kijiji, mbele ya mwenyekiti na mashahidi, na kila mrithi atie sahihi, hata yule asiyezungumza. Kadi utaambiwa ililiwa na panya. Amini, maana panya hao ni walewale walioula waya wote wa umeme.

Kabla ya kutoa hela, chuchumaa ulisome. Kwenye Ferguson la kijivu tafuta bamba la namba kwenye dashibodi. TEA maana yake petroli. TEF ni dizeli. Ukikuta TED, simama, pumua, fikiri kuhusu watoto wako, kwa sababu hilo linawashwa kwa petroli, na injini ikishapata moto unaligeuzia mafuta ya taa. Babu alilipenda kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, na bila kujua ikafunga ukurasa wa TED nchini.

Kwenye 35 hesabu mabomba membamba yanayotoka kwenye pampu ya dizeli. Yakiwa manne, hiyo ni injini ya Standard ya mwanzo, maarufu duniani kwa kugoma kuwaka kukiwa na baridi. Karatu ni mwinuko wa mita 1,500 hivi, na Julai ukungu hushuka kutoka msitu wa Ngorongoro ukalala uani kama mgeni asiyeaga. Utakuwa umenunua trekta la Desemba. Yakiwa matatu, hiyo ni Perkins, iliyoanza kufungwa mwaka 1959, na hapo ficha meno yako yasionekane. Langu ni la mabomba matatu. Nilificha meno, lakini nadhani masikio yalinisaliti, kwa kuwa mzee aliongeza bei palepale.

Rangi isikudanganye. Kwangua kwa sarafu chini ya kiti. Nimekuta trekta jekundu lenye kijivu ndani, lenye buluu katikati, na safu ya kijani ambayo hakuna mtu ukoo mzima aliyekubali kuhusika nayo.

Hatua ya pili ni kulifikisha nyumbani, na hapa nitakuwa mfupi kwa kuwa yaliyonipata yananitosha. Utakodi trekta zima likavute trekta bovu, huku ukilipa kwa heka ambazo hazipo. Njia ni ileile ya lami iendayo lango la Ngorongoro, na Land Cruiser za watalii hazipendi kwenda mwendo wa jongoo. Moja ilinipita polepole, paa limefunguliwa, wageni sita wamesimama na kamera. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya wanyama watano wakubwa. Wakamwona wa sita akivutwa kwa mnyororo, na mimi mgongoni mwake nimeshika usukani usiohitajika.

Kuhusu kumweleza mama watoto, kuna njia ya ukweli na kuna turubai. Mimi nilichagua turubai. Siku tatu zilipita. Ya nne, wakati ananimiminia chai, akasema kwa upole ambao mwanaume mwenye akili huuogopa: "Baba Watoto, lile turubai lako linavuja oili."

Sasa fundi. Epuka kijana anayefika na spana zake zimepangwa kwa milimita. Massey hizi za zamani ni za inchi, na spana namba 13 hukaa kwenye nati ya nusu inchi kama kiatu cha kuazima: inaingia, inacheza, kisha inakula kona zote sita mpaka nati inakuwa duara kama kitufe. Unamtaka mzee ambaye ukimtajia "tisa kwa kumi na sita" anatabasamu. Mzee huyo haanzi kufungua. Anazunguka kwanza. Anachovya kidole kwenye oili, ananusa, anakifuta kwenye suruali yake, anakaa chini na kuomba maji ya kunywa. Ukimwona hivyo, mlipe kidogo mapema asiondoke. Usimlipe nyingi, ataondoka.

Hatua ya tatu haipo. Fundi aliondoka nayo.

Nieleze vizuri, kwa sababu hapa ndipo ndoa nyingi hupimwa. Gari lina chesisi: injini imekaa juu ya kitu. Massey halina. Injini, giaboksi na difu vimefungwa kwa bolti kimoja nyuma ya kingine, na hivyo vyenyewe ndivyo mwili. Ndiyo maana liko jepesi na rahisi. Ndiyo maana pia ukitaka kubadilisha klachi, kitu cha ukubwa wa sahani ya ubwabwa, lazima ulikate trekta katikati, nusu ya mbele ivutwe huku, nusu ya nyuma ibaki kule, zote mbili zikiwa zimeegemezwa kwenye magogo. Kazi hiyo inataka siku mbili. Siku ya kwanza lilikatwa vizuri sana, chini ya mgrivea, watoto wa jirani wakishangilia. Jioni fundi akapigiwa simu ya msiba Endamarariek. Msibani akakutana na mtu mwenye pampu ya maji, mwenye pampu akampeleka Mang'ola, na Mang'ola, kama wanavyojua wote waliowahi kushuka huko msimu wa vitunguu, hela hailali. Alirudi baada ya wiki saba. Wiki zote hizo nilikuwa mtu pekee wa mtaani mwenye matrekta mawili, na hakuna hata moja lililokuwa linatosha.

Kuhusu spea nitakupa habari njema ya kweli, ili usiseme nimekukatisha tamaa tu. Kiwanda cha Coventry kilifungwa zamani, lakini ukoo haukufa. TAFE ya Chennai, India, imeunda matrekta ya asili ya Massey tangu miaka ya 1960, na Millat ya Lahore, Pakistan, nayo imeyaendeleza yale ya silinda tatu. Ndiyo maana unaweza kupata ringi, slivu, gasketi na pampu ya maji za injini iliyobuniwa kabla ya Uhuru, wakati simu uliyonunua juzi haina tena chaja madukani. Chukua basi alfajiri, kilomita 140 hivi hadi Arusha, na kipande kibovu ukiwa nacho kwenye kiroba. Usiende na picha. Usiende na maelezo. Dukani utaulizwa, "Unataka orijino, au unataka ya kawaida?" na ukisema orijino utaulizwa, "Orijino ya wapi?" Ukirudi Karatu usiku utagundua umeleta ya upande wa kushoto. Hilo halikwepeki, weka nauli mbili kwenye bajeti tangu mwanzo.

Wakati huo huo ilinde mali yako dhidi ya vijana wa chuma chakavu. Wao hawaoni historia, wanaona kilo. Mimi nilipoteza kifuniko cha radieta na koki ya shaba katika usiku mmoja wenye mbalamwezi, na asubuhi kijana mmoja mwenye mkokoteni alinisalimia kwa heshima iliyozidi kiwango.

Ukifika kwenye haidroliki, vua kofia. Hapa ndipo Harry Ferguson, mtoto wa mkulima wa Ireland ya kaskazini, alipoonyesha akili. Kabla yake plau lilikokotwa nyuma ya trekta kama mkokoteni. Likinasa kwenye mwamba, gurudumu la nyuma linaendelea kuzunguka, pua inanyanyuka, na trekta linamlalia dereva. Yeye akalishika plau kwa mikono mitatu: miwili chini ya kuvuta, mmoja juu. Plau likikwama, mkono wa juu unasukuma mbele, pua inakandamizwa chini, na msukumo huohuo unaiamuru haidroliki inyanyue plau kidogo. Trekta dogo likaweza kazi ya kubwa. Alikubaliana biashara na Henry Ford mwaka 1938 kwa kupeana mikono tu, bila karatasi. Wakaja kupelekana mahakamani, na mwaka 1952 kampuni ya Ford ikamlipa dola milioni 9.25. Ndiyo maana nikakuambia uende ofisi ya kijiji.

Haidroliki hiyo haina oili yake peke yake. Inachangia oili moja na giaboksi na difu, na pampu yake imezama humohumo ndani. Kila uchafu wa gia unapita kwenye pampu. Mwenye trekta akiishiwa, humimina alichonacho. Ya kwangu ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yalikuwa yameingia, na chini kabisa, kwenye tope, tulikuta spana ya tisa kwa kumi na sita. Nilimpelekea mzee aliyeniuzia. Aliishika muda mrefu bila kusema. Baba yake aliwahi kumchapa kwa kuipoteza, mwaka aliokuwa darasa la tano.

Rangi usipake. Nakuomba. Fundi rangi atakuja na kopo lililobaki kwenye geti la shule, na kwa bidii yake atapaka kila kilichopo: kioo cha kipimo cha oili, matundu ya kuingizia grisi, mkanda wa feni, na mjusi aliyechelewa kukimbia. Ukilazimika, 35 ni wekundu kwa mwili na kijivu kwa injini. Jirani atakwambia lingependeza buluu. Ndiye yule wa kijani.

Kisha inakuja asubuhi ya kuliwasha, na kwa sababu Mungu ana ucheshi itakuwa Julai. Chemsha maji, umwagie pampu ya dizeli taratibu. Toa upepo sasa, upepo wenyewe wa kweli: legeza skrubu juu ya chujio, piga kile kiwiko kidogo cha pampu kwa kidole gumba mpaka povu liishe na itoke dizeli tupu, kaza, hamia kwenye pampu kubwa, fanya vivyo hivyo, malizia kwenye nati za nozeli huku mtu anapiga stata. Betri ikichoka tumia betri ya Karatu, yaani mteremko. Hakikisha pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, zimefungwa pamoja kwa komeo lake. Zimetenganishwa kwa ajili ya kukata kona shambani. Mteremkoni, ukikanyaga moja tu, utakata kona usiyoikusudia. Ukuta wa choo ulijengwa upya Agosti.

Langu liliwaka. Lilikohoa moshi mweupe, likafikiri, likakohoa mweusi, likashika: silinda tatu zina mlio wa kuchechemea ambao hausahauliki. Mama watoto alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasikiliza, akasema baba yake alikuwa akija na mlio huo kutoka Qurus. Akarudi ndani. Nilidhani nimeshinda.

Sikujua kwamba mlio huo huvuka mabonde. Kabla ya saa nne alikuwa amefika wa kwanza. "Kumbe linawaka! Basi kesho nipitishie plau, nusu heka tu, dizeli nitaweka mimi." Nusu heka ya Karatu ni heka mbili na mteremko. Akafuata shemeji, akafuata kanisa, ikafuata shule iliyokuwa na tela lakini haina cha kulivuta. Jumamosi akafika mrithi wa Mwanza, aliyetia sahihi kwa hiari yake, akiuliza iwapo ukoo unaweza kuliazima trekta la baba kwa msimu mmoja. Mwingereza akifufua trekta, anapata kikombe kwenye maonyesho. Wewe utapata daftari la foleni, na majina ndani yake hayawezi kukataliwa, kwa kuwa ndio waliokuja na magogo siku lilipokatwa katikati.

Ushauri wangu wa kitaalamu, kwa hiyo, ni huu: lifufue, kisha chomoa nozeli ya katikati uifiche kwenye pipa la mahindi. Ukiulizwa, sema limeingia upepo. Mimi ndivyo ninavyosema tangu Septemba, na turubai limerudi mahali pake. Usiku mwingine, upepo wa kweli ukivuma kutoka Oldeani na kuzima kila sauti, nairudisha nozeli na kuliwasha dakika tano.

Natafuta bamba la dashibodi la Massey 35, lile lenye namba. La kwangu lilibanduliwa zamani. Ukiliona mnadani Karatu, usilitaje kwa sauti wala usilipigie bei. Lisimamie tu, zungumza bei ya ngwara, mpaka nifike.